Kulima roza mu nyumba: muti wa jua wenye kuishi ku dirisha

Waridi, lenye watu wengi wa Kivu na Ituri wanaita tu roza, ni muti wa inje. Unapenda jua, upepo, na udongo wenye kwenda chini sana. Lakini mu miji ya mashariki ya Kongo, watu wengi hawana udongo wa kupandamo kitu. Mupangaji wa chumba mbili hawezi kuchimba shimo mu kiwanja ya mwenye nyumba, na hata akiruhusiwa, siku anahama muti unabaki. Ku Bukavu nyumba zimebanana ku milima mpaka ukuta wa mumoja unagusa dirisha ya mwingine. Ku Goma kuna fasi zenye chini ni mawe tupu tangu moto wa Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002, na zingine ziliongezeka tarehe 22 Mei 2021. Ndiyo maana bidoni yenye kukatwa, ndoo yenye mukono ulivunjika, na basini ya zamani vimekuwa bustani. Kitu chenye kuota mu bidoni ni cha mwenye bidoni. Siku ya kuhama, kinapanda ku gari pamoja na magodoro.

Shida ni kwamba roza nyingi zenye kuingizwa mu nyumba zinatoa maua mara moja, kisha majani yanaanguka, na muti unakauka. Watu wanasema mwenye kupanda iko na mukono mubaya. Kwa kweli, mara nyingi kitu chenye kuua roza ya mu nyumba ni giza, na kitu cha pili ni maji mengi. Wadudu na magonjwa vinakuja nyuma, kumaliza muti wenye ulikuwa tayari muzaifu.

Roza gani inaweza kuishi mu chombo

Si kila roza inakubali. Ile kubwa ya shina ndefu, yenye watu wanabeba ku ndoa na ku mazishi, iko na mizizi mikubwa, na mara nyingi imeunganishwa juu ya muti wa roza nyingine ya pori. Hiyo inaomba chombo cha litiri 30 ao zaidi, na jua la siku nzima. Kuiweka mu saloni ni kuitesa. Roza za kupanda ku ukuta, hapana kabisa. Na roza za zamani za Ulaya, zenye kutoa maua mara moja tu ku mwaka, zinangojea baridi kali ya kule ili zipumzike. Baridi ya namna hiyo haiko hapa, hata ku Butembo.

Zenye kufaa ni za aina mbili. Ya kwanza ni roza zenye asili ya China, majani membamba, matawi laini, zenye kutoa maua tena na tena bila kungojea musimu. Ndizo wafugaji wa maua wa Ulaya walichanganya na roza zao tangu mwisho wa karne ya 18, ili wapate roza za kutoa maua mara nyingi ku mwaka. Hizo zinaishi vizuri mu bidoni ya litiri 20.

Ya pili ni roza ndogo, za urefu wa sentimeta 20 mpaka 40, maua yake sawa kifungo cha koti. Hizo ziko na historia yenye inagusa kabisa habari ya dirisha. Mwisho-mwisho wa Vita ya Kwanza ya Dunia, mwanajeshi mumoja wa Uswisi, jina lake Roulet, aliona ku kijiji cha Mauborget roza ndogo sana zenye watu walikuwa wanaweka mu vyungu ku madirisha yao. Akaelezea mutaalamu wa mimea Henry Correvon, na huyu mu 1922 akaipatia jina la Rosa rouletii. Kisha Muholanzi Jan de Vink akaichanganya na roza zingine, na mu 1936 mtoto wa roza hiyo, yenye kuitwa 'Tom Thumb', ikaanza kuuzishwa Marekani. Roza ndogo nyingi za leo zinatoka mu ukoo ule. Kwa hiyo tunaongea juu ya muti wenye tayari ulizoea dirisha mbele ya kufika hapa.

Mutu mwenye kununua kwa wauzaji wa maua wa kando ya barabara aangalie kitu kimoja: mara nyingi mu kichombo kimoja kuna miti midogo 3 ao 4 yenye kubanana, ili ionekane sawa kichaka. Ikifika nyumbani iachwe wiki 2 izoee, kisha igawanywe, kila moja mu chombo chake. Ikibaki vile, inapiganiana maji, na majani ya katikati yanaoza.

Mwangaza, kitu cha kwanza

Jicho la mutu linadanganya. Chumba chenye kuonekana cheupe muchana, kwa roza ni usiku. Mwangaza unapungua mbio sana kadiri mutu anatoka ku dirisha. Ukisogea metre moja tu, haibaki hata nusu. Meza ya katikati ya saloni, fasi yenye kila mutu anapenda kuweka maua, ndiyo kaburi ya roza. Hiyo meza waachiwe maua ya plastiki.

Kuna namna rahisi ya kupima. Muchana wa jua, weka mukono juu ya fasi yenye unataka kutia chombo. Kama kivuli cha vidole kinaonekana wazi, kimoja-kimoja, fasi ni nzuri. Kama ni giza-giza tu bila vidole, roza itakufa hapo. Roza ndogo inaomba jua la kuigusa saa 4 ku siku angalau. Ikipata 6, itatoa maua bila kuchoka.

Dirisha gani sasa? Vitabu vingi vya Ulaya vinasema dirisha ya kusini. Hapa hiyo haifanye kazi. Bukavu, Goma, Butembo na Bunia ziko karibu na musitari wa ikweta, na jua la saa sita ya muchana linapita juu ya kichwa. Toka mwisho wa Machi mpaka katikati ya Septemba linaegemea kidogo upande wa kaskazini. Toka Oktoba mpaka mwanzo wa Machi, upande wa kusini. Basi dirisha ya kusini inakosa jua kiangazi kizima, ile ya kaskazini inalikosa ku Noeli, na mabati yenye kutokea inje ya ukuta yanaziba hata kale kadogo kenye kulikuwa. Dirisha yenye haibadilike mwaka muzima ni ya mashariki: jua la asubui linaingia chini-chini mpaka ndani, na halichome. Ya mangaribi ni ya pili, lakini mu miezi ya mvua mawingu yanakuja sana nyuma ya muchana, na jua la jioni linapotea.

Ku Uvira watu wako na bahati moja: dirisha yenye kuangalia ziwa Tanganyika inaangalia mashariki. Ile ya upande wa milima inapoteza jua mapema. Ku Goma, mwenye hajui kaskazini aangalie tu kwenye Nyiragongo iko.

Kama nyumba haina dirisha ya namna hiyo, chombo kinaweza kutoka asubui ku baraza na kuingia jioni. Wengi wanafanya hivyo, si juu ya baridi, ni juu ya mbuzi na wezi. Mbuzi anapenda roza kupita majani yote, miiba haimuzuie. Lakini muti wenye ulikaa mu nyumba usitolewe siku moja tu ku jua kali. Majani yataungua, yawe na madoa ya rangi ya karatasi. Siku ya kwanza nusu saa, ya pili saa moja, vile mpaka wiki iishe. Na kila wiki chombo kigeuzwe kidogo, kama sivyo muti utainama wote ku upande wa mwangaza. Taa nyeupe ya umeme inaweza kusaidia, ikiwa sentimeta 15 ao 20 juu ya majani, lakini fasi umeme unakatika siku 3 ku wiki, roza haiwezi kungojea.

Chombo na udongo

Roza ndogo: bidoni ya litiri 5, yenye kukatwa juu. Roza ya asili ya China: bidoni ya njano ya litiri 20. Kina ni cha lazima kuliko upana, kwa sababu mizizi inaenda chini. Mikebe ya maziwa ni midogo, inashika kutu, na ku joto la Uvira inapika mizizi. Bidoni yenye ilikuwa na dawa ya mashamba ao mafuta ya gari, hata iloshwe mara 10, isiingizwe mu nyumba.

Chini watobowe matundu 5 ao 6 ya ukubwa wa kidole, kwa musumari wa moto. Bila matundu hakuna roza. Watu wengi wanatia mawe chini ya chombo wakisema yatapitisha maji. Hayasaidie, yanapunguza tu udongo, na maji yanasimama juu yake kwenye mizizi. Kipande cha nguo ao cha chandarua ya zamani juu ya matundu kinatosha, ili udongo usitoke.

Udongo wenyewe unategemea muji. Ule mwekundu wa Bukavu unanata, na mu chombo unakuwa sawa tofali: maji yanapita pembeni, katikati inabaki kavu. Uchanganywe: sehemu 2 za udongo mweusi wa juu, sehemu 1 ya mbolea yenye kuoza kabisa, sehemu 1 ya muchanga wa nafaka kubwa. Ku Goma, fasi ya muchanga watu wako na kitu kizuri kupita: mawe madogo ya volkano. Yako na matundu ndani, yanashika maji kidogo na kuacha hewa ipite. Kile kilichofukia viwanja, ndicho kinafaa mu bidoni.

Mbolea ya sungura ao ya simbiliki ni nzuri na haina harufu kali, ikiisha kuoza miezi 2 ao 3. Ya kuku ikiwa mbichi inachoma mizizi. Kila wiki 2, wakati muti unasukuma majani mapya, inatosha kulowesha mbolea kiganja kimoja mu ndoo ya maji siku 2, inje ya nyumba, kisha kumwanga yale maji.

Tena kuna tabia ya kumwanga majivu ya mbabula mu chombo. Kidogo sana, mara moja ku mwaka, haiue. Kila wiki inaharibu, na sababu iko mu habari ya maji.

Maji ya ziwa na maji ya mvua

Fasi maji ni ya kubeba ku kichwa ao ya kununua, hakuna mutu anataka kuyamwaga ku maua. Habari nzuri ni kwamba roza ya mu chombo haiombe maji ya kila siku. Ingiza kidole mu udongo: kama sentimeta 3 za juu zimekauka, mwanga mpaka maji yatoke chini. Kama kungali unyevu, acha. Maji yenye kubaki mu sahani ya chini yamwangwe. Muti wenye kusimama mu maji unaoza mizizi, na dalili yake, majani kuwa njano na kuanguka, inafanana na kiu. Mwenye haelewe anaongeza maji tena, na hapo amemaliza muti.

Maji yenye yalisafisha muchele ao mboga, bila chumvi, ni mazuri. Yenye sabuni ya kufua, hapana.

Sasa, ziwa. Maji ya ziwa Kivu na ya ziwa Tanganyika iko na madini mengi yenye kuyeyuka ndani, ya tabia ya magadi. Roza inapenda udongo wenye uchachu kidogo. Ukimwanga maji ya ziwa miezi na miezi mu chombo kimoja, yale madini yanabaki, juu ya udongo kunatokea unga mweupe, na muti unashindwa kunywa chuma yenye iko mu udongo. Majani mapya yanatoka njano, lakini mishipa yake inabaki kijani. Hiyo si njaa ya mbolea. Majivu ya mbabula yanaongeza magadi juu ya magadi.

Dawa yake ni mvua. Bati moja na ndoo moja vinatosha. Mutu mwenye hana njia ingine kuliko ziwa atumie maji ya ziwa, lakini mara 2 ku mwezi atoe chombo inje ku mvua kubwa, maji yapite mpaka chini na kubeba chumvi ile. Wa Goma na Masisi waangalie kitu kimoja zaidi: wakati majivu ya volkano yanaanguka, maji ya bati yenye kukusanywa siku zile yasimwangwe, na majani yapanguswe kwa kitambaa chenye unyevu. Vile majivu na mvua yake vinachoma maharagwe mu shamba, vinachoma roza pia.

Ndizi na mbabula

Kuna roza yenye jua, yenye maji ya kutosha, na bado inaangusha majani na maua yenye hayajafunguka. Mara nyingi jirani yake ni kitunga cha ndizi. Ndizi ikiiva inatoa hewa fulani isiyoonekana wala kunuka, ndiyo ile inafanya ndizi moja ifundishe zingine kuiva. Kwa roza ndogo, hewa hiyo ni amri ya kuangusha. Moshi wa makala na wa kuni iko nayo pia. Basi chombo kikae mbali na matunda na mbali na mbabula. Mbabula yenyewe haifai kuwaka mu chumba chenye kufungwa, hata kama hakuna ua: inaua watu.

Wengine wanakataa ua mu chumba cha kulala wakisema usiku linakula hewa ya watoto. Ni kweli muti unapumua usiku, lakini chombo kimoja kinapumua kidogo sana kuliko mutoto mumoja mwenye kulala pale. Hiyo si sababu ya kuogopa. Miiba ndiyo ya kuogopa, ku nyumba yenye mutoto mwenye anatambaa.

Vidudu, na dawa ya tomate

Mu kiangazi, Juni mpaka Agosti, hewa inakauka na vumbi inaingia. Ndiyo saa ya vidudu vidogo sawa vumbi, vyenye kusuka utando chini ya jani. Juu ya jani kunaonekana madoa mengi ya njano, madogo sawa ncha ya sindano. Vidudu hivyo havipendi maji. Kuosha chini ya majani kila wiki, kwa maji tu, kunavipunguza sana. Vile vya kijani vyenye kukusanyika ku ncha laini vinatolewa kwa vidole, ao kwa kijiko kidogo 1 cha sabuni ya maji mu litiri 1, jioni, na kusuuza kesho yake. Unga mweupe juu ya majani ni ugonjwa wa hewa yenye kusimama: fungua dirisha, kata majani yenye kushikwa, uyatupe mbali.

Kitu chenye hakifai hata kidogo ni kuchukua dawa yenye wakulima wanapiga ku tomate na kuipiga mu saloni. Ile dawa ilitengenezwa kwa shamba lenye upepo. Mu nyumba inabaki ku mapazia, ku magodoro, ku sahani. Roza yenye kuomba dawa ya namna hiyo ni heri itupwe.

Kukata, na tarehe za kukumbuka

Fasi yenye haina baridi ya kweli, roza haijui wakati wa kupumzika. Ikiachwa, inarefuka, inakuwa miti mikavu yenye ua moja juu. Makasi ndiyo inaiambia ianze upya. Mara 2 ku mwaka, toa matawi makavu na yenye kusuguana, bakiza 3 mpaka 5 yenye nguvu, na uyafupishe karibu nusu. Kata kidogo juu ya jicho lenye kuangalia inje ya muti. Tawi lenye kutoka chini ya fasi yenye muti uliunganishwa litolewe kabisa. Ni la roza ya pori, na litaua ile ingine.

Toka kukata mpaka maua, ni wiki 6 mpaka 8: karibu 6 ku joto la Uvira, karibu 8 ku baridi ya Butembo. Hii ni hesabu ya faida. Mwenye kutaka maua ku Noeli akate mwanzo wa Novemba. Kwa tarehe 14 Februari, akate mwisho wa Desemba. Kwa tarehe 8 Machi, siku wamama wote wanavaa kikwembe kimoja na bei ya maua inapanda, akate katikati ya Januari. Mama mwenye vyombo 10 vyenye kufunguka wiki ile moja iko na kitu cha kuuzisha.

Vijiti vyenye vimekatwa

Havitupwe. Roza inapandwa sawa muhogo: kipande cha muti kinatoa mizizi. Chagua kijiti cha unene wa penseli ao chembamba kidogo, chenye ua lake limeisha kuanguka, urefu wa sentimeta 15, chenye macho 3 ao 4. Kata chini tu ya jicho. Toa majani yote, bakiza 2 ya juu. Kipandwe nusu mu muchanga wenye kuchanganywa na udongo kidogo, bila mbolea, kisha kifunikwe na chupa ya plastiki yenye kukatwa chini, kizibo kimetolewa. Kiwekwe fasi yenye mwangaza lakini jua lisikiguse. Muchanga usikauke, usilowe sana.

Nyuma ya wiki 4 mpaka 6, macho yanafunguka. Hayo majani ya kwanza hayaonyeshi bado kama kuna mizizi, muti unaweza kula akiba yake mwenyewe. Vuta polepole: kikishikilia, kimeshika. Katika vijiti 10, mutu asishangae wakipona 4 ao 5. Shina ndefu za maua ya ndoa zinakataa mara nyingi, kwa sababu zilikaa siku nyingi bila mizizi mbele ya kufika. Vijiti vya roza ndogo vinakubali zaidi. Mwezi wa tatu vinaweza kuingia mu bidoni ya litiri 5, na ua la kwanza lenye kutokea likatwe likiwa bado dogo, ili nguvu ibaki ku mizizi.